Onyesha Samli, Usionyeshe Sufuria

Itiryo, Jumanne jioni

Mwanangu Mwita,

Umekwenda kwa wajomba zako kuaga, na ninavyowajua watakuchelewesha kwa ugali na maswali. Nimeona nitumie nafasi hii kuandika, kwa sababu mambo ninayotaka kukuambia nikiyasema kwa mdomo yatageuka njiani. Mdomo wangu unaujua. Jina langu lenyewe, Marwa, kwa lugha yetu ni pombe, na mama yako alikuwa akisema wazazi hawakukosea: "Wewe ni kama jina lako. Hukai chunguni, lazima ufurike." Basi leo nimeshika kalamu. Kalamu yangu ni ya polepole, ya kufundishwa jeshini, inanipa muda wa kufikiri kabla neno halijatoka.

Sitakuandikia habari za kufua shati wala za kuchagua marafiki. Umeshakuwa mtu mzima. Ninachokiwaza ni kile kifaa. Unakwenda Musoma kwa yule fundi mwenye karakana, umwombe mshirikiane, yeye atengeneze kwa chuma kile ulichochonga kwa mti. Miaka miwili umejifungia nacho kwenye kibanda cha ndama. Watu wote wa hapa wanajua kwamba mahindi yako yanaota mistari imenyooka, nafasi sawasawa, na kwamba mbegu zinadondoka zenyewe nyuma ya plau. Zinadondokaje, hakuna anayejua. Ng'ombe wa kukupa uanzie maisha sina. Kitu ulicho nacho duniani ni hicho tu, watu kutojua zinadondokaje, na kikikutoka utarudi hapa mikono mitupu kama nilivyorudi mimi.

Wazee wa ukoo walisema usiende peke yako. Kijana hasimami mbele ya mtu mkubwa bila shahidi, wakasema, na mimi nikaitikia. Ndiyo maana tukamchagua baba yako mdogo Nyamhanga aende nawe, akae pembeni, aone kila kitu, ili yakitokea maneno aweze kusema, "Mimi nilikuwepo." Niliitikia shingo upande. Sikuwaambia kwa nini, kwa kuwa wengine kati yao walikuwepo siku ile na wangecheka. Wewe nakuambia.

Ulikuwa bado unachunga ndama. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka vitani Bama, vita vya Wajapani, kifua mbele, najiona nimeiona dunia. Nilimkuta mama yako anachemsha samli kama wanawake wote wa huku, na samli yetu unaijua ilivyo, inanuka moshi. Vibuyu tunavisugua ndani kwa kijinga cha moto, na sisi harufu hiyo tunaipenda, tunaiona ndiyo maziwa yenyewe. Wanunuzi hawaitaki. Wakifungua debe wananusa, wanakunja pua, wanalisukuma upande wa samli ya chini. Kila mwanamke alikuwa akirudi na malalamiko hayo hayo, na waume zao tulikuwa tunasema wanunuzi ni wezi.

Mama yako hakulalamika. Alikaa na sufuria yake masika matatu. Mara aweke majani mengi, samli iwe chungu. Mara ayatoe mapema, moshi ubaki. Mara aipue kabla povu halijazama. Jani lenyewe silitaji hapa. Leo linajulikana mpaka na watoto, lakini mkono wangu unakataa kuliandika. Mwisho akapata samli ya njano, imetulia, haina harufu hata ukiweka pua ndani ya debe, na inakaa mwaka mzima bila kuchachuka. Nilipoionja nilipiga kelele kama mwehu. Yeye alicheka tu, akafunika.

Na wazo la biashara lilikuwa lake pia, usije ukasikia watu wakisema lilikuwa langu. Aliniambia: "Wanawake wa mlima huu walete siagi yao hapa. Nichemshe yote kwa namna moja, iende kama samli ya mtu mmoja. Tunachokosa ni madebe na gari." Mimi nikasema gari ninalijua. Kulikuwa na rafiki yangu Wambura, Mwikoma, tuliyelala naye handaki moja kule vitani. Alikuwa amenunua lori kuukuu pamoja na ndugu zake, anakusanya ngozi kutoka Ikoma na Nata mpaka huku kwetu. Mtu mwema, mwenye kicheko kikubwa. Mpaka leo sisemi alikuwa mtu mbaya.

Mama yako akasema, "Mpelekee debe moja. Aonje. Akiipenda, ndipo tuongee." Hiyo ndiyo ilikuwa akili yake yote, na ilitosha.

Mimi nikakataa. Nilimwambia mambo makubwa hayafanywi kichinichini. Sikiliza nilivyofikiri, Mwita, kwa sababu ndivyo hata wewe ulivyolelewa kufikiri. Sisi tukipeleka ng'ombe wa mahari hatuwapeleki kwa kujificha. Wanaingizwa uani mchana kweupe, kila mmoja anatazamwa, rangi yake inatajwa, pembe zake zinatajwa, na mashahidi wa pande zote mbili wanaangalia mpaka macho yanachoka. Miaka ishirini baadaye yakitokea maneno, mzee anasimama na kusema, "Alikuwa jike mwekundu, pembe moja imepinda, nilimwona." Maneno yanakwisha. Mkurya hana kufuli kubwa kuliko macho ya watu. Nami nikaona samli ni hivyo hivyo. Watakavyoona wengi, ndivyo itakavyokuwa yetu zaidi.

Mama yako aliweka mwiko chini. Akasema, "Marwa, ng'ombe ukimwonyesha mtu anabaki kuwa ng'ombe wako. Hili nikilionyesha linabaki la nani?"

Nikakasirika. Nilikuwa na hasira za karibu siku hizo. Nikamwambia, "Unataka niende kwa rafiki yangu kama mwizi, nimefunika kitu kwapani?" Hakujibu. Laiti angejibu! Lakini alikuwa amelelewa kutobishana na mume mbele ya watoto, na wewe ulikuwa umekaa pale unakula.

Nikamwita Wambura, nikaita na watu sita, watatu wa upande wangu na watatu aliowachagua yeye hapa hapa kijijini. Tukakaa uani. Nikamwambia mama yako awashe moto nje, achemshe hatua kwa hatua, watu waone kwamba ni kazi ya nyumba ya Marwa. Alianza kuchemsha akiwa ametupa mgongo. Nikasema, kwa sauti, mbele ya wanaume wale wote, "Geuka, Bhoke. Watu waone."

Akageuka. Neno hilo moja, mwanangu, ningepewa nafasi ya kulirudisha kinywani ningelirudisha na meno yangu yote yang'oke. Alichemsha. Shahidi mmoja, Gesaka, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, akauliza, "Majani ni kiasi gani?" Mama yako akanitazama mimi. Mimi huyo! Nikadakia, "Konzi mbili! Na mpaka povu lizame mara ya pili, siyo ya kwanza!" Nilisema kwa majivuno, utafikiri nilikuwa nimekesha mimi kwenye sufuria ile.

Wambura alionja, akafuta vidole kwenye suruali, hakucheka siku hiyo. Akasema, "Bwana Marwa, nimeona. Tutaongea." Akaondoka na lori lake. Miezi miwili nikamngoja, nikimwambia mama yako kwamba wafanyabiashara wana shughuli nyingi.

Siku ya mnada nilikwenda na mama yako, amebeba debe lake kichwani. Lori la Wambura lilikuwa pale, na nyuma yake yamepangwa madebe ya samli, na waliokuwa wakiyapanga ni mke wa Gesaka na mke wa shahidi mwingine. Mama yako akasogea. Akachovya kidole, akanusa, akalamba. Alishusha debe lake chini pale mbele ya lori, akageuka, akaenda nyumbani kwa miguu. Mimi nikabaki nimesimama. Kisha nikalibeba lile debe kichwani, mwanamume mzima, watu wananitazama na wengine wanacheka. Njia nzima nilikuwa namwona mbele yangu mbali, na sikuthubutu kumfikia.

Nilipeleka shauri barazani, bila shaka. Nilikuwa na mashahidi sita! Wakaja wote, na hakuna aliyeongopa hata mmoja. Wakasema ndiyo, tuliona, mke wa Marwa alichemsha, majani konzi mbili, povu mara ya pili. Wakaeleza vizuri hivi kwamba hata wale wasiojua samli inachemshwaje walijua siku ile. Mzee wa baraza akanigeukia: "Sasa umeibiwa nini, Marwa? Sufuria yako iko wapi?" Nikasema iko nyumbani. "Majani?" Yako porini. "Mkeo je, amechukuliwa?" Watu wakaangua kicheko. Wambura naye akasimama, na maskini hakuwa anacheka. Akasema, "Ndugu yangu, uliniita wewe. Ulinionyesha wewe. Mimi nilidhani umenipa." Na nikamwona usoni kwamba anasema kweli. Kule vitani, mtu akikufungulia mfuko wake wa tumbaku amekupa.

Mama yako hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliacha kuuza samli, akawa anachemsha ya nyumbani tu. Lakini kila alipotaka kuchemsha aliniambia, "Toka nje kidogo, Marwa," kwa upole, kama mtu anavyomfukuza kuku. Nikatoka. Nilikuwa nakaa nje ya ukuta wa nyumba niliyoijenga mwenyewe, nasikia sufuria ikitokota. Na ilikuwa samli nyingine, Mwita. Alikuwa amepata namna nyingine, iliyoipita ile ya kwanza mbali. Wewe uliila, uliizoea, hukujua unakula nini. Miaka saba nilitolewa nje.

Masika ya juzi, kifua kilipombana na tukawa tunajua wote wawili kwamba hatainuka, nilikaa karibu naye nikamwuliza taratibu, "Bhoke, hii ya pili huwa unaifanyaje?" Akanitazama, macho yake yameingia ndani. Akasema, "Ungependa kumwambia nani?"

Akafa nayo. Nimelia mambo mengi ya mama yako, lakini hilo nalilia peke yangu shambani, mahali ambapo wanangu hamnioni.

Sasa sitaki uchukue kwangu neno la kufunga siri tu. Mama yako alifunga, na wanawake wa mlima huu bado wananusiwa madebe yao na kukunjiwa pua, kwa sababu akina Wambura nao hawakuichemsha kwa makini na samli yao ikaharibika jina. Hakuna aliyefaidi. Kufunga kabisa nako ni kuzika. Wewe lazima uende kwa yule fundi, peke yako huwezi kupata chuma. Ila uende kama alivyotaka mama yako twende. Onyesha samli, usionyeshe sufuria.

Ningekuwa wewe, kifaa kingebaki kwenye gunia lake, kimeshonwa. Ningemwambia fundi: nitakupandia kipande cha shamba, funga plau yako, funga ng'ombe, wewe simama kule mwisho. Halafu umfukulie udongo, ahesabu mbegu mwenyewe, apime nafasi kwa miguu yake. Akitaka kuona ndani, na atataka, mwambie kwanza karatasi. Barazani pale Musoma kuna makarani, aandikiwe kwamba kitu hiki ni chako, yeye ataweka nini na wewe utaweka nini, na kwamba msipoelewana hatakitengeneza yeye wala mtu wake. Atie sahihi au kidole. Hapo ndipo pa shahidi! Mimi sikujua hilo. Shahidi ni wa maneno. Aone kidole kikigusa karatasi, inatosha, hana haja ya kuona kilichomo ndani ya gunia. Fundi akikwambia, "Kwani huniamini?", usione haya, macho chini, mjibu, "Nakuamini, mzee wangu, ndiyo maana nimekuja kwako kwanza." Akikasirika zaidi ya hapo, beba gunia lako. Na kabla ya yote hayo mtafute mtu aliyewahi kufanya naye kazi, umwulize waliachanaje. Mimi kuhusu Wambura nilijua alivyopigana vita. Alivyoachana na washirika wake wa ngozi sikuuliza.

Nimeandika yote haya, na hata hivyo sijafika kwenye neno lililonifanya nikae chini. Nimekuwa nalizunguka. Jua linashuka na wewe utakuwa njiani unarudi, basi nalisema.

Leo mchana, ulipoondoka, nilikwenda kwenye kibanda cha ndama. Nilijiambia nakwenda kutazama kama gunia limefungwa vizuri. Nikalifungua. Mwita, sikuwahi kuona kitu kama kile. Nilizungusha lile gurudumu kwa kidole, nikaona zile tundu zinavyopita moja moja, mbegu inaingia, inadondoka, inaingia nyingine, na ule ubao mdogo wa ndani unaofagia ile ya ziada. Nilikaa chini kwenye mavi makavu ya ndama nikacheka peke yangu. Nikasema, mtoto wa Bhoke huyu! Laiti angekuwepo.

Na ndipo Nyamhanga akapita, amekuja kuuliza habari za safari. Angeweza kupita tu. Mimi ndiye niliyemwita. Nikamwambia, "Njoo uone mwanangu alichofanya." Nikamzungushia. Nikamwonyesha tundu, nikamwonyesha na ule ubao mdogo, nikamweleza kazi yake. Hakuniuliza, nilimweleza mwenyewe. Alipiga magoti akautazama muda mrefu, akazungusha mara tatu, nne, akasema, "Kumbe ni hivi tu." Sijui kama unasikia maneno hayo yalivyoniingia. Kumbe ni hivi tu. Mimi nilikuwa bado natabasamu. Tabasamu liliondoka alipokuwa ameshavuka ua, na sasa hivi yuko kwa Gesaka kwenye pombe.

Sisemi Nyamhanga ni mwizi. Ni mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja. Lakini hata Wambura hakuwa mwizi. Wazee wanasema usimwage mtama penye kuku wengi, nami nimeumwaga mara mbili katika maisha yangu, mara zote mbili mtama haukuwa wangu.

Nilifikiri ninyamaze. Ningeweza. Ungekwenda, na kama siku moja ungekuta kifaa chako kwenye mnada kimebebwa na mtu mwingine, usingejua kilipitia kwa nani. Lakini mama yako nilimwacha ajionee mwenyewe mbele ya lori, na wewe sitakufanyia hivyo. Nimekosa, mwanangu. Nisamehe ukiweza, na usipoweza leo, usijilazimishe.

Fanya hivi. Kusafiri na Nyamhanga mlivyopanga, hapana. Chukua punda sasa hivi ukisharudi na kusoma, gunia juu, ushuke usiku huu huu ukalale kwa shangazi yako Tarime mjini, na kesho asubuhi upande basi peke yako. Anza na karani kabla hujamwona fundi, na huyo karani ndiye awe shahidi wako. Usiniambie ni fundi gani mwingine utakayemjaribu huyu akikataa. Nikikuuliza ukirudi, niambie ulikula nini na ulilala wapi, mengine yote nidanganye.

Nyamhanga atakuja hapa alfajiri na fimbo yake ya safari. Mwachie mimi. Nitamkaribisha uji, nitaanza na habari za Bama, nitamweleza kila handaki, kila mvua, kila punda aliyekufa, na akisimama nitamshika mkono nianze upya, mpaka basi lako livuke mto pale Kirumi. Kunyamaza kumenishinda maisha yangu yote, lakini kuongea, Mwita, nakuweza.

Ni mimi baba yako,
Marwa